James Joule, Mpimaji wa Nguvu Isiyopotea

Jiwe likiinuliwa juu na kuachwa, huanguka kwa kishindo, kisha hulala kimya. Je, nguvu yake imekwenda wapi? Zamani watu wengi walidhani kwamba imetoweka tu. Mwingereza mmoja, James Prescott Joule, alifanya kazi miaka mingi apate kuonyesha kwamba haitoweki.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika Salford, karibu na mji wa Manchester. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, akafundishwa nyumbani. Baadaye akawa mwanafunzi wa John Dalton, mtu wa elimu kubwa. Yeye mwenyewe hakuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Alitengeneza chombo cha shaba, akakijaza maji, akatia ndani yake makafi yenye kuzungushwa kwa kamba. Kamba hizo zilivutwa na vipande viwili vya risasi, kila kimoja kilo 13 hivi. Vipande viliposhuka, kupita kidogo mita 1 na nusu, makafi yalizunguka na kuvuruga maji. Kisha Joule aliviinua tena, akaviacha vishuke, hata mara 20. Mwishowe joto la maji lilikuwa limeongezeka, lakini kwa theluthi tu ya digrii 1.

Kwa jambo hilo dogo alifahamu neno kubwa. Mtu ainuapo mzigo huweka nguvu ndani yake, kama mkulima awekavyo akiba ghalani. Mzigo ukishuka, akiba hiyo hugeuka kuwa mwendo. Na mwendo ukizuiliwa hugeuka kuwa joto. Kilo 427 zikishuka mita 1 zatosha kuongeza joto la kilo 1 ya maji kwa digrii 1. Nguvu hubadili sura, wala hazipotei. Joule alisadiki kwamba Muumba peke yake ndiye awezaye kuziangamiza.

Lakini wenye elimu hawakumjali upesi. Mwaka 1843, alipoeleza habari hiyo mjini Cork katika Ireland, wachache tu waliizingatia. Mwaka 1847, mjini Oxford, aliambiwa afupishe maneno yake. Hakukata tamaa. Siku hiyo kijana mmoja, William Thomson, alimsikiliza kwa makini, na baadaye wakafanya kazi pamoja. Joule alirudia vipimo vyake kwa uangalifu zaidi, hata wakamkubali.

Alikufa tarehe 11 Oktoba 1889. Leo kipimo cha nguvu hizo chaitwa kwa jina lake katika dunia yote. Juu ya kaburi lake imechorwa hesabu yake, 772.55, kwa vipimo vya Kiingereza. Na chini yake neno la Injili ya Yohane, sura ya 9, lihusulo kufanya kazi kungali mchana.