J.L.B. Smith: Msomi wa samaki aliyeokolewa na nahodha mchuuzi

Omena akivuka mpaka wa Busia kwenda Uganda huitwa mukene, na kila mwenye gunia lake anajua kwamba jina likibadilika, bei nayo hubadilika. Visiwani Komoro palikuwa na samaki mzito mwenye magamba magumu na nyama ya mafuta isiyopendwa. Wavuvi walimwita gombessa, na sokoni hakuwa na maana kubwa. Aliyempandishia bei hadi pauni 100 ni James Leonard Brierley Smith wa Afrika Kusini, mwalimu wa kemia.

Smith alizaliwa mwaka 1897 huko Graaff-Reinet, mji wa bara ulio mbali na pwani. Vita Kuu ya Kwanza vilimleta kwetu. Alikuwa askari katika mapigano dhidi ya Wajerumani Afrika Mashariki, akaugua malaria na kuhara damu hadi akalazwa Kenya, na afya yake haikurudi kuwa ile ya awali. Baadaye alisoma Cambridge, kisha akafundisha kemia Grahamstown. Samaki walikuwa mapenzi yake ya likizo. Alisimama miambani Knysna na mshipi wake, akaokota viumbe katika vidimbwi vinavyoachwa na maji kupwa, akawachunguza mmoja mmoja hata makumbusho za pwani zikaanza kumtumia samaki zilizoshindwa kuwatambua.

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ilishusha East London samaki wa buluu mwenye urefu wa mita moja na nusu, aliyenaswa karibu na mlango wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona mapezi yake yametoka kama viguu. Alimchora, akamwandikia Smith. Barua ilifika Januari. Smith alipoutazama mchoro alitambua jamii ya samaki iliyojulikana kwa visukuku tu, iliyodhaniwa kuwa imetoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa Kiswahili leo tunamwita silikanti. Lakini joto la Desemba halikungoja barua: hapakuwa na chumba cha baridi cha kumhifadhi, na matumbo yake yalikuwa yameshatupwa. Smith akabaki na ngozi na swali. Alihitaji samaki wa pili, mzima.

Alimtafuta miaka 14. Alichapisha karatasi zenye picha ya samaki huyo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100. Yeye na mkewe Margaret walizunguka pwani ya Msumbiji, Kenya na Zanzibar wakikusanya samaki, mara nyingi kwa baruti. Tusifiche: mvuvi wa leo akifanya hivyo atafikishwa mahakamani.

Zanzibar, mwaka 1952, walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kwa chombo chake kati ya kisiwa hicho na Komoro. Hunt alichukua fungu la karatasi akaenda kuzisambaza kwenye safari zake. Huyu ndiye aliyefanikisha jambo. Serikali na vyuo havikuwa na njia ya kumfikia mvuvi wa Anjouan, lakini mchuuzi alikuwa nayo, kwa kuwa alipita huko kila mara akiwa na bidhaa.

Desemba hiyo hiyo Ahamadi Abdallah alivua gombessa kwa mshipi usiku, karibu na Domoni. Asubuhi samaki alipelekwa sokoni. Kabla hajakatwa vipande, mwalimu Affane Mohamed alimtambua kutokana na karatasi. Alibebwa kuvuka kisiwa hadi Mutsamudu kwa Hunt, ambaye alimtia chumvi na dawa, kisha akapeleka simu ya maandishi. Smith, akihofia kuchelewa tena, alimwomba waziri mkuu D.F. Malan ndege ya kijeshi, akaipata. Tarehe 29 Desemba alipiga magoti mbele ya samaki huyo, akalia.

Wafaransa, waliotawala Komoro wakati huo, walikasirika kuona samaki wa maji yao akiondoka kwa ndege ya nchi nyingine. Walifungia watafiti wa kigeni visiwa hivyo kwa miaka mingi. Hunt alipotea baharini mwaka 1956. Smith alijitoa uhai Januari 1968, bila kumwona silikanti aliye hai.

Asingemwona kirahisi kwa kukaa pwani. Samaki huyu hushinda mapangoni, mita 100 hadi 300 chini, ambako maji ni ya baridi, na usiku hutoka kuwinda. Akivutwa juu kwenye maji ya joto huchoka na kufa. Mwaka 1987 Hans Fricke alimfuata kwa nyambizi ndogo huko Komoro. Mwaka 2000 wazamiaji wa Sodwana, Afrika Kusini, walimkuta wakiwa na mitungi yao ya hewa, zaidi ya mita 100 chini, na safari ya kumrudia iligharimu uhai wa mzamiaji.

Mwaka 2001 alinaswa Malindi. Miaka miwili baadaye alionekana Tanzania, kisha akaanza kuingia kwenye majarife ya Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Siku hizi hana zawadi ya pauni 100, na mkataba wa kimataifa wa CITES unakataza kumvusha mpaka kwa biashara.