Edward Saidi Tingatinga (1932–1972): Mtu na Jina Lake

Utangulizi

Neno tingatinga lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili cha leo. Mkulima akilisikia huwaza trekta. Mkazi wa Dar es Salaam huenda akawaza picha za rangi kali zenye chui, tembo na ndege. Ni wachache watakaomkumbuka mtu aliyezaliwa, akafanya kazi na kufa akiitwa kwa jina hilo. Makala hii inakusudia kuyaeleza maisha ya mtu huyo kwa ufupi. Hoja yetu ni kwamba kadiri jina lake lilivyoenea ndivyo maisha yake yalivyofifia, na kwamba kufifia huko kumewafanya wengi waamini kuwa sanaa yake ilizuka kwa bahati tu, kama ya mtu asiyejua alitendalo.

Kutoka Tunduru hadi Msasani

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho sasa hujulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanadokeza mchanganyiko wa dini uliokuwamo katika jamii aliyokulia. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Katika miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini: alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 akaishi kwa vibarua vya hapa na pale. Makazi yake yalikuwa Msasani, si mbali na Oysterbay, mtaa wa maofisa na wageni.

Ujirani huo una uzito katika habari hii. Mtu aliyeishi Msasani na kufanya kazi Oysterbay aliona kila siku vitu ambavyo wageni walivinunua. Aliona vinyago vya Wamakonde vikiuzwa, na aliona picha zilizoletwa na wachoraji kutoka Kongo. Wapo wataalamu wanaosema kwamba ndizo zilizomwamsha. Wapo wengine wanaoutafuta mwanzo wa sanaa yake katika michoro ya kutani ya watu wa kusini. Kwa maoni yetu, si lazima maelezo haya mawili yapingane. Kuona biashara kulimpa sababu ya kuchora, bali alichokichora na namna ya kukipanga uboni vilitokana na yeye mwenyewe.

Ubao na rangi

Tingatinga alianza kuchora karibu na mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa vyuoni. Alitumia ubao mwembamba wa kiwandani wa aina inayotumika kujengea dari, ambao aliukata vipande vya mraba vya takriban futi 2 kwa 2. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya namna hiyo bila kubakiza kitu. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta ipakwayo baiskeli, ambayo ilipatikana madukani, hung'aa, na ikikauka haitoki kwa maji.

Kwanza aliipaka sehemu yote ya nyuma kwa rangi moja au kwa rangi mbili zinazoingiliana. Kisha alimweka mnyama mmoja katikati, akaujaza ubao karibu wote, na kumzungushia majani, matawi au ndege wadogo. Madoa ya chui aliyapanga kama mtu apangaye mapambo. Picha hizi ziliuzwa Oysterbay, kwenye maduka yajulikanayo kama Morogoro Stores, chini ya mbuyu. Maonyesho yake ya kila siku yalikuwa hapo mtini, na wapita njia ndio waliokuwa watazamaji wake.

Wanafunzi na kifo

Soko lilipokua, Tingatinga aliwakaribisha vijana nyumbani kwake Msasani ili wajifunze. Wengi walikuwa jamaa zake au watu wa kwao. Miongoni mwao walikuwamo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Henrik Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata, ambaye baadaye alijipatia sifa akiwa Kenya. Walijifunza kwa kumtazama na kumsaidia, kama ilivyo desturi ya mafundi wetu.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika, lakini waliendelea kuchora na kuuza pamoja chini ya jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 umoja wao ukawa chama cha ushirika.

Hatima ya jina

Kwa mtazamo wa isimu, jina hili limepitia badiliko linalojulikana: nomino ya pekee imegeuka kuwa nomino ya kawaida. Wengi huliandika kwa herufi ndogo, na wengine hulikata kuwa maneno mawili. Mwaka 2010 lilitumiwa hata katika filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi. Mageuzi haya ni heshima, lakini yana gharama. Mnunuzi anaposema kwamba amenunua tingatinga, haoni haja ya kuuliza nani aliyeichora. Hivyo jina la mwalimu limewafunika wanafunzi, na wingi wa picha za wanafunzi umemfunika mwalimu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Tingatinga alikuwa mfanyakazi aliyepima gharama ya ubao, ubora wa rangi na haja ya mnunuzi, kisha akaviunganisha na jicho lake mwenyewe. Watunga kamusi watakapoliingiza neno hili kwa maana ya mtindo wa uchoraji, tunapendekeza waeleze kwamba asili yake ni jina la mtu, na wautaje mwaka aliozaliwa na ule aliofariki.