Robert Koch: Mganga wa Wilaya Aliyefika Hadi Ssese



Kila aliyepita katika darasa la baiolojia amelikuta jina la Robert Koch ubaoni, pamoja na zile kanuni zake za kuthibitisha kiini cha ugonjwa. Tulizikariri, tukazijibu katika mtihani, kisha wengi wetu tukazisahau. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba bwana huyu alikaa Dar es Salaam, akapita Usambara na Mwanza, na kwa zaidi ya mwaka aliishi katika kisiwa cha Ziwa Viktoria akiwadunga sindano watu ambao yumkini walikuwa majirani wa babu za baadhi yetu. Kwa hiyo mhariri aliponitaka niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa sayansi, sikutafuta mbali.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz huko Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi mwenye watoto wengi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kumaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai, lakini hakuwa na njia ya kulithibitisha jambo hilo. Baada ya kuhangaika huku na huko, na kutumika katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870, Koch alipata kazi ya serikali mwaka 1872. Akawa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo huitwa Wolsztyn na uko Poland.

Sisi tuliotumika wilayani twaijua kazi ya namna hiyo. Asubuhi wagonjwa, mchana chanjo na vyeti, jioni taarifa za kupeleka makao makuu. Koch aliyafanya yote hayo, na muda uliobaki akautumia nyuma ya pazia katika chumba chake cha kutazamia wagonjwa, akiwa na hadubini ambayo yasimuliwa kuwa alipewa na mkewe, Emmy. Hakuwa na maabara wala msaidizi wa kulipwa, wala maktaba ya karibu.

Ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua wafugaji wa wilaya ile ni kimeta. Wataalamu wengine walikwisha kuona vijiti vidogo ndani ya damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama vijiti vile ndivyo viuavyo au ni matokeo tu ya kifo. Koch alichukua vibanzi vya mti, akavichovya katika damu hiyo, akawachanja panya nao. Panya wakafa. Akachukua damu ya panya hao akawachanja wengine, na wengine tena, na kila mara vijiti vilikuwa vile vile. Kisha akavikuza nje ya mwili, ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona vikigeuka kuwa mbegu ngumu zisizokufa kwa ukavu. Hapo ndipo ilipojulikana kwa nini malisho yaliyowahi kufukiwa mzoga huendelea kuua mifugo baada ya miaka mingi. Mwezi Aprili 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn majaribio yake, na mwaka huo huo yakachapishwa. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika Idara ya Afya ya Dola. Tatizo lake kubwa sasa lilikuwa namna ya kutenganisha aina moja ya bakteria na nyingine, maana katika supu zote huogelea pamoja. Akaanza kuzipanda juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha juu ya jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwa joto. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja, Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi pale. Yeye alikuwa akigandisha vyakula vyake vitamu kwa agari, unga utokanao na mwani mwekundu. Mwaka 1887 Julius Petri, msaidizi wa Koch, akatengeneza kile kisahani chenye kifuniko. Vijana, kisahani mnachokitumia maabara chatoka hapo, na agari iliyomo yatoka jikoni kwa Mama Hesse, ingawa vitabu vingi havimtaji.

Nataka tukae kidogo kwenye tarehe 24 Machi 1882, maana ndiyo siku iliyomkuza kuliko zote. Wakati ule kifua kikuu kilihesabiwa kuwa chaua mtu mmoja kati ya kila saba. Tena madaktari walikuwa wamegawana ugonjwa huo bila kujua. Daktari wa kifua aliona mapafu yaliyooza, mpasuaji aliona uti wa mgongo uliopinda na viungo vilivyovimba, wa watoto aliona matezi ya shingoni, na wa ngozi aliona vidonda vya usoni, kila mmoja akimpa mgonjwa wake jina lingine. Siku hiyo, mbele ya chama cha wataalamu wa fiziolojia mjini Berlin, Koch aliweka mezani hadubini na vioo vyake, akaonyesha kwamba katika sehemu zote hizo mna kijiti kimoja. Alikuwa amepata rangi ya kukitia ili kionekane, amekikuza juu ya ute wa damu uliogandishwa, akingoja kwa majuma mahali ambapo bakteria wengine huota kwa siku moja, na amewapa simbilisi wakaugua vile vile. Kanuni ile ya darasani ndiyo hiyo: kiini kionekane katika kila mgonjwa, kitengwe peke yake, kikitiwa katika mnyama mzima kimwuguze, na kitolewe tena kwake kikiwa kile kile. Tangu mwaka 1982 tarehe 24 Machi imekuwa siku ya kifua kikuu duniani.

Mwaka uliofuata alitumwa Misri na kisha India kutafuta kiini cha kipindupindu, akakipata, ingawa Mtaliano Filippo Pacini alikwisha kukiona mwaka 1854 bila kusikilizwa. Huko Aleksandria kulikuwa pia na Wafaransa waliotumwa na Louis Pasteur, na mmoja wao, Louis Thuillier, akafa kwa ugonjwa ule ule akiwa kijana wa miaka 27. Koch na Pasteur walikuwa mahasimu, lakini Koch alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Faida ya ugunduzi huo ilionekana mwaka 1892, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, waliokunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Mji wa Altona, uliopakana nao na kunywa mto huo huo baada ya kuyachuja kwa mchanga, uliponea chupuchupu.

Sasa nafika mahali ambapo sifa zake hupungua. Mwezi Agosti 1890, katika mkutano wa madaktari wa dunia mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu katika simbilisi. Mwezi Novemba kikaanza kutumiwa kwa watu, naye akaficha namna kinavyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakifia njiani. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1891 Profesa Rudolf Virchow, aliyepasua maiti za waliotibiwa, alionyesha kwamba dawa ile haikuua vijidudu, na kwa baadhi yao iliuchochea ugonjwa ukaenea. Ilipojulikana ndani mna nini, kumbe ni maji ya gliserini yaliyotolewa katika vijidudu vyenyewe. Kitu hicho, tuberkulini, hakikutibu mtu, ila baadaye kilifaa kwa kupima. Waliowahi kuchomwa sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono ili kuangalia kama watavimba, wamekutana nacho.

Yule aliyewachanja panya, kizazi baada ya kizazi, kabla ya kunena neno juu ya kimeta, hapa alinena upesi. Wapo wanaosema serikali ilimsukuma, maana ilitaka ushindi mbele ya wageni. Yawezekana, wakubwa hupenda habari njema kabla ya mkutano. Hata hivyo sahihi ilikuwa yake.

Kuanzia mwaka 1896 akawa msafiri. Alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, India kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na mwaka 1898 akathibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ni tauni. Alirudi mwaka 1905, safari hii akifuata homa iliyowashika wasafiri wa njia ya misafara kutoka pwani kwenda bara. Wenyeji walikuwa na neno tayari: papasi. Koch aliwakusanya papasi kutoka sakafu za vibanda vya wasafiri, akakuta kiini cha homa ndani yao na hata ndani ya mayai yao, yaani mtoto wa papasi huzaliwa na sumu ya mama yake. Watafiti wengine walilithibitisha jambo hilo la papasi Uganda na Kongo wakati huo huo, na mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa huko Kongo mwaka 1905. Desemba ya mwaka huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906, akiwa na miaka 62, alirudi tena kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo ulikuwa ukiwamaliza watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Katika Uganda waliokufa katika miaka ile wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Baada ya kuanzia Amani, Usambara, na kupita Mwanza, Koch aliomba ruhusa ya Waingereza akapiga kambi kisiwani Bugala, katika visiwa vya Ssese, maana huko wagonjwa walikuwa wengi. Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Waliobebwa waliinuka wakatembea, habari zikavuma, na mitumbwi ikaja na wagonjwa kutoka mbali.

Kisha vijidudu vikarudi katika damu. Koch akaongeza kipimo, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Watu wakaanza kulalamika maumivu na kizunguzungu, na mwishowe, kwa hesabu ya taarifa yake mwenyewe, watu 22 wakapofuka, wala macho yao hayakupona. Ndipo akakirudisha kipimo pale kilipokuwa.

Mwaka 1900 waziri wa Prussia alikuwa ametoa waraka kwa wakuu wa hospitali za nchi yake: mtu asifanyiwe jambo lisilo la kumtibu bila kuelezwa madhara yake na kukubali waziwazi, na watoto wasifanyiwe kabisa. Waraka huo ulitoka baada ya kashfa ya Profesa Albert Neisser, daktari wa ngozi, aliyewadunga wanawake majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila wao kujua. Anayemtetea Koch atasema kwamba atoksili ilikuwa matibabu, kwa hiyo waraka haukumgusa. Kwa herufi zake, sawa. Lakini mimi niliyesoma nyaraka nyingi katika kazi yangu naona kwamba kuongeza kipimo ili uone kitakachotokea ni jaribio, hata likifanywa kwa sindano ya tiba, na kwamba mjini Berlin pasingekuwa na vipofu 22 bila swali kuulizwa. Simhesabu kuwa katili. Alikuwa amezoea kuona kijidudu kwanza na mwenye mwili baadaye.

Alipoondoka mwaka 1907 alishauri wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya mbung'o vifyekwe, na mamba wauawe kwa kuwa alidhani ndio wanaowalisha mbung'o. Kambi zikafunguliwa upande wa Wajerumani, na wagonjwa wengi wakatoroka. Waingereza waliwahamisha watu wa Ssese, na kufikia mwaka 1909 visiwa vilikuwa vimebaki karibu vitupu.

Atoksili yenyewe iliendelea kufanyiwa kazi. Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Koch, aliibadilisha mara mamia hadi akapata dawa ya kwanza ya maana ya kaswende, iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Malale ilingoja sana. Dawa ya aseniki iliyotumika tangu mwaka 1949 iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila 20 waliodungwa. Vidonge vya kumeza peke yake, feksinidazoli, vilikubaliwa mwaka 2018, baada ya kujaribiwa Kongo kwa wagonjwa walioelezwa na kuridhia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeishinda malale ya aina ya gambiense, ile ya wakati wa Koch, kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa tatizo la afya ya umma.

Koch mwenyewe hakuuona mwaka 1911. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Mwili ulichomwa, na majivu yamewekwa katika chumba ndani ya taasisi yake mjini Berlin, ambayo bado ina jina lake na bado hufuatilia magonjwa ya kuambukiza.