Hounsfield: Mtoto wa mkulima aliyewapa madaktari jicho la kuona saratani ndani ya ini

Saratani ya utumbo mpana, ya kongosho au ya matiti ikianza kusambaa, ini ni moja ya viungo vinavyoshambuliwa sana. Swali la kama imefika kwenye ini au bado lina uzito mkubwa: jibu lake huweza kuamua kama mgonjwa atafanyiwa upasuaji, atapewa dawa, au vyote viwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupata jibu hilo ilikuwa shughuli pevu. Daktari alibonyeza tumbo kwa vidole na kupima damu, lakini wagonjwa wengi ukweli wao ulijulikana wakiwa tayari wamepasuliwa. Eksirei ya kawaida haikusaidia sana, maana humo ini zima na ini lenye uvimbe vyote huonekana kama kivuli kimoja.

Mmoja wa watu waliobadilisha hali hiyo hakuwa daktari, wala hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Ni Godfrey Hounsfield, injinia Mwingereza aliyebuni mashine ya CT scan.

Utukutu wa shambani

Alizaliwa Agosti 28, 1919, karibu na mji wa Newark, akiwa wa mwisho kati ya watoto watano wa mkulima. Shuleni alikuwa wa kawaida tu, isipokuwa kwenye fizikia na hesabu.

Shambani ndiko alikochangamka. Alijitengenezea glaida akajirusha nayo kutoka juu ya lundo la nyasi kavu. Siku nyingine alinusurika kujilipua, akijaribu kurusha angani mapipa yenye maji kwa nguvu ya gesi.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza alijiunga na jeshi la anga, akajifunza redio na rada. Baadaye alisomea stashahada ya uhandisi wa umeme London, kisha akaajiriwa na EMI, kampuni ileile iliyotoa nyimbo za Beatles.

Wazo la sanduku

Mwaka 1967 Hounsfield alijiuliza: je, unaweza kujua kilichomo ndani ya sanduku bila kulifungua, ukilipima kutoka kila upande? Akaona inawezekana. Mionzi ipitishwe kwenye mwili kutoka pembe nyingi, halafu kompyuta ipige hesabu na kuchora kipande kimoja cha mwili, kama slesi ya mkate.

Jaribio la kwanza lilichukua siku 9 kupata vipimo 28,000 vya picha moja, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kuvichambua. Hakukata tamaa. Alijaribia ubongo wa ng'ombe, na baadaye akapima hata kichwa chake mwenyewe.

Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ilimpima mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyehofiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Uvimbe ukaonekana wazi. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 zikaja mashine za kupima mwili mzima, na ini likawa linaonekana.

Namba zinazosema ukweli

Siri ya CT scan ni namba. Kwenye kipimo cha Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Ini zima huwa karibu 50 hadi 60, na vivimbe vya saratani iliyosambaa mara nyingi huwa chini ya hapo.

Ili tofauti ionekane vizuri, mgonjwa hudungwa dawa yenye iodini kwenye mshipa. Kama robo tatu ya damu ya ini hutoka kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni, wakati vivimbe hivyo hulishwa zaidi na ateri. Kwa hiyo picha ikipigwa baada ya sekunde kama 70, ini linang'aa na vivimbe vingi vinabaki kama madoa meusi.

CT haioni kila kitu. Vivimbe vya chini ya sentimita moja vinaweza kuponyoka, na hapo madaktari huweza kuongeza MRI. Lakini kumpasua mtu tumbo ili tu kuchungulia kumepungua mno.

Tuzo

Mwaka 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, ambaye alikuwa amezipiga hesabu za namna hiyo kivyake miaka kadhaa kabla.

Hounsfield hakuwahi kuoa. Alifariki Agosti 12, 2004, akiwa na miaka 84. Leo ukiona herufi HU kwenye majibu ya CT scan, ujue H ni ya jina lake.