Salme na Kaka Zake Wawili

Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Utotoni aliishi kwa muda na mamake katika nyumba ya kaka yake Majid, akajifunza huko kupanda farasi na kulenga shabaha. Kuandika alijifunza kwa siri, na kalamu hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1859, Barghash alipokula njama ya kumpindua Majid, aliyekuwa amerithi kiti cha baba yao, Salme ndiye aliyemwandikia barua. Njama ilipozimwa, Barghash alihamishiwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Alimsamehe, na baadaye akamruhusu hata Barghash arejee. Lakini Barghash aliuhesabu upatanisho wa Salme na Majid kuwa usaliti.

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja, akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1870 alifiwa na mume huko Hamburg. Mwaka huo huo Majid alifariki na Barghash akatawala. Salme aliporudi mwaka 1885, Barghash alikataa kumwona.

Tusiharakishe kumlaumu Barghash. Dada alikuja na manowari za Ujerumani, dola iliyokuwa ikimpokonya nchi zake za bara. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliishi kwa msamaha wa Majid. Aliupokea, asiutoe. Salme alifariki Jena mwaka 1924, mbali na Unguja.