Nywele za Beethoven na ini lako
Mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka 1770. Baba yake alikuwa mlevi, naye akapenda mvinyo. Alipoteza usikivu, akaugua ini, akafariki Vienna mwaka 1827 akiwa na miaka 56. Mwaka 2023 wanasayansi waliopima nywele zake walikuta vinasaba vya hatari ya ugonjwa wa ini, pamoja na virusi vya homa ya ini B. Kwa ini la namna hiyo, pombe ni mzigo juu ya mzigo.

Leo sentimita 3 za nywele, zinazokua takribani sentimita 1 kwa mwezi, huonyesha unywaji wa miezi mitatu. Usisubiri zikuumbue: pima homa ya ini, hakikisha watoto wamechanjwa, mweleze daktari ukweli.