Mzee wa kuku: Harland Sanders

Wadau, kwenye chipsi kuku za Kariakoo kinachoudhi ni kusubiri. Kero hiyohiyo ndiyo ilimtoa Harland Sanders, mzee wa KFC.

Jamaa kazaliwa Indiana, Marekani, 1890. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 5. Mama akaingia vibaruani, dogo akawa anawapikia wadogo zake. Shule aliiachia njiani.

Mwaka 1930 akaanza kuuza msosi kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky. Kuku wa kikaango alichukua nusu saa, na wasafiri hawana muda! 1939 akanunua presha kuka, akairekebisha ikaange kwa dakika chache, nyama isikauke. (Msijaribu nyumbani, presha ya kawaida yenye mafuta inaweza kulipuka.)

Miaka ya 1950 barabara kuu mpya ikaukwepa mji. Wateja kwisha, akauza mgahawa. Na miaka yake 65 akazunguka migahawani kufundisha mtindo wake, akilipwa senti chache kwa kila kuku. 1964 akauza kampuni kwa dola milioni 2. Alifariki 1980.

Mimi naona mzee hakuuza kuku, aliuza namna ya kumkaanga. Vijana wa chipsi mpo?